Gitaa Lililoanikwa

Mvua ilikuwa imepiga wiki nzima. Jumatano jua likatoka, na wanawake wa Kirumba mlimani wakatoka nalo. Magodoro, shuka, mihogo, nguo za shule, vyote vikapandishwa juu ya mawe. Mawe ya Mwanza hayana mwenyewe, lakini jabali la nyuma ya nyumba ya Akelo lilihesabiwa kuwa lake, kwa sababu alilifagia kila siku, na majirani walikuwa wamechoka kubishana na ufagio wake.

Akelo aliuza dagaa, na adui yake hapa duniani alikuwa mmoja tu: unyevu. Dagaa wakipata unyevu hubadilika rangi, halafu harufu, halafu mteja anageuza uso na kwenda meza ya jirani. Dawa yake ni jua. Hilo alilijua tangu utoto wake Shirati, na halikuwahi kumwangusha hata siku moja.

Alipomaliza kumwaga gunia moja lililopata ubaridi, alirudi ndani kuchukua ungo. Macho yake yakaangukia gitaa la kanisa lililoegemezwa kwenye kona. Mumewe, Otuoma, ndiye aliyelipiga katika Kwaya ya Nuru, na Jumapili alikuwa amerudi nalo akiwa amenuna. "Limekunywa maji," alilalamika. "Mbao imevimba, sauti imezama. Tutakwendaje kwenye tamasha hivi?" Tamasha la kwaya lilikuwa limekaribia, na yeye Jumatatu akapanda meli kwenda Ukerewe kushona nyavu za watu, akaliacha gitaa na ugonjwa wake.

Akelo alisimama na ungo mkononi akawaza. Kitu kilichokunywa maji, dawa yake inajulikana.

Alilitoa nje, akatandika kanga juu ya jabali, akalilaza chali kando ya dagaa. Jua likalipiga mpaka mchana. Mchana akaligeuza, kama anavyogeuza kila anachoanika, ili na upande wa pili upate haki yake. Alasiri aligusa uzi mmoja kwa kidole, ukalia kwa sauti nyembamba na safi kuliko ya Jumapili. Alifurahi sana. Alilirudisha kwenye mfuko wake likiwa zima, bila hata mkwaruzo, akafunga zipu. Hakumwambia mtu. Alitaka mumewe alifungue mwenyewe kwenye mazoezi, ashangae.

Na kweli alishangaa.

*

Jumamosi jioni, mbele ya kwaya nzima, Otuoma, aliyekuwa amerudi kutoka Ukerewe, alifungua mfuko akatoa gitaa, na mazungumzo yakakatika. Uso wa gitaa ulikuwa na ufa. Ulianzia pale nyuzi zinapofungwa, ukateremka hadi ukingoni, umenyooka kama umepigwa rula.

"Yesu wangu!" Rebeka, katibu wa kwaya, alikuwa wa kwanza kupiga kelele. "Limepasuka!"

Otuoma aligeuza gitaa huku na huku akitafuta mahali lilipogonga. Hapakuwapo. Akaliinamia, akanusa tundu lake. Harufu iliyomjia aliifahamu kuliko harufu zote, ndiyo iliyokuwa kwenye mto wake na kwenye chai yake ya asubuhi. Akalitikisa kidogo. Kitu kikacheza ndani. Akapenyeza vidole katikati ya nyuzi, akakitoa, akakitazama kwa siri ndani ya kiganja. Alikuwa dagaa mmoja, mkavu, mdogo kabisa.

Akaelewa yote kwa mara moja. Alimtazama mkewe aliyekuwa amesimama kwenye safu ya sauti ya pili. Akelo alikuwa akiukodolea ufa macho, mdomo wazi, bila habari yoyote. Halikuwa limepasuka mikononi mwake. Lilikuwa limesubiri ubaridi wa usiku, ndani ya mfuko. Otuoma alijua jambo lingine pia: mkewe hajui kunyamaza. Akigundua, atasimama hapo hapo na kusema. Na akisema, watu watacheka, na kicheko kitatoka kanisani kiteremke hadi sokoni Mwaloni, ambako watu husahau madeni yao lakini hawasahau kichekesho. Kuna mzee kule aliyetumbukia ziwani akiwa amevaa suti ya harusi, na mpaka leo wajukuu zake wanaitwa wa Suti.

Basi Otuoma akafanya jambo la kijinga, la kijinga kabisa, kama wanavyofanya watu wenye mapenzi wakikosa muda wa kufikiri. Alimtia dagaa yule mdomoni, akamtafuna.

"Liliniponyoka," akasema.

"Unatafuna nini?" Rebeka aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Mwenyekiti, ametia kitu mdomoni. Nimemwona kwa macho yangu."

Hapo minong'ono ikaanza. Hakuna mtu mzima asiyejua kwa nini mwanamume hutafuna kitu kabla ya kuongea na watu wa kanisa. Wapo wanaotafuna karafuu, wapo wa bigijii, na Otuoma mwenyewe, katika siku zake mbaya za pombe, alikuwa bingwa wa majani ya mpera. Kila aliyekuwapo alizikumbuka siku hizo.

Mwenyekiti wa kwaya, mzee Maige, aliuza magodoro mjini na sauti yake ilikuwa laini kama bidhaa yake. Watu walimwogopa zaidi kwa ajili hiyo.

"Ndugu yangu Otuoma," alisema, "umetoka wapi kuja hapa?"

"Mwaloni, mwenyekiti. Nimepeleka nyavu za watu."

"Na gitaa ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Mwaloni pana kilabu."

"Na njia ya kuja kanisani ipo pale pale."

Kijana mmoja alicheka, akatazamwa, akanyamaza.

"Sikuulizi kwa ubaya," Maige aliendelea. "Nakumbuka tu siku ya kununua. Yalikuwapo magitaa mawili dukani, hili na lile la plaiwudi. Mkeo hapa alisema tuchukue plaiwudi. Alisema kitu cha watu wengi kinunuliwe kigumu. Wewe ukakataa. Ulisema nini?"

"Nilisema mbao nzima sauti yake inakua kila mwaka."

"Ulisema plaiwudi haina roho."

"Sikusema roho, mwenyekiti. Nilisema haitetemeki vizuri."

"Ulisema roho. Haya, yenye roho ndiyo hiyo imekufa."

Ikaamuliwa kwamba Otuoma akae pembeni mpaka kikao cha Jumamosi inayofuata, ambacho kingeamua juu ya gitaa na juu yake. Kisha Maige akauchukua mfuko wa gitaa mikononi mwa Otuoma, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akampa Akelo aubebe yeye. Akelo akaubeba. Walipanda mlima wote, mke mbele na gitaa mgongoni, mume nyuma mikono mitupu, na majirani waliokuwa barazani wakajisomea wenyewe.

*

Mlangoni Akelo aligeuka.

"Simama hapo. Hemea."

"Mama Amondi, mtoto yupo."

"Mtoto alikuwapo pia siku nilipokutoa mtaroni. Hemea."

Amondi, binti yao wa darasa la sita, alikuwa akipuliza mkaa. Aliinamisha kichwa, akapuliza jiko lililokwisha kuwaka. Otuoma alikuwa mrefu, ikambidi apinde magoti kidogo ili mdomo wake ufikie pua ya mkewe. Akahema. Akelo akanusa, akanusa tena. Hakusikia pombe. Hakusikia kitu. Pua iliyolelewa na dagaa haisikii dagaa tena, kwa hiyo jibu la maswali yote lilitoka kinywani mwa mumewe, likampitia puani, naye asijue.

"Ulitafuna nini?"

"Kitu tu."

"Majani?"

"Si majani."

"Sasa ni nini? Niambie mimi, si Maige."

"Liliniponyoka, Akelo. Basi."

Akelo alilia usiku huo, na si kwa sababu ya gitaa. Mahubiri hayakumtoa mumewe kilabuni, wala ndugu waliotumwa kutoka Shirati, wala yeye na matusi yake. Ni gitaa lililomtoa. Jioni zile ambazo vidole vyake vilikuwa vikitafuta nyuzi, havikutafuta glasi. Miaka miwili nyumba ile ilikuwa imelala kwa amani kwa sababu ya mbao ile. Kwaya ikimwondoa, jioni zitarudi kuwa tupu, na Akelo alijua vizuri jioni tupu za Otuoma hujazwa na nini.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila jioni Otuoma akifika mlangoni anapinda magoti, anahema, ananuswa, anaruhusiwa kuingia. Hakulalamika. Alikuwa amemwaibisha mwanamke huyu miaka mingi mbele za watu, akaona kunuswa mlangoni kwake mwenyewe ni aibu anayoweza kuimudu.

Lakini mwili una mipaka yake. Jumatano, saa ambayo kwaya hufanya mazoezi ya katikati ya wiki, alijikuta amesimama karibu na kilabu bila kujua miguu imemfikishaje. Masele, rafiki yake wa siku zile, alimwona kutoka kwenye benchi.

"Otuoma! Mbona unasimama kama mgeni?"

"Napita tu."

"Unapita wapi? Mji mzima unasema umekunywa. Lisemwalo lipo, kaka, na kama halipo linakuja. Jina wameshakupa, kilichobaki ni glasi. Njoo uchukue haki yako."

Maneno yale yalikuwa na akili, hilo ndilo lililomtisha. Kama ameshahukumiwa kwa pombe, hata pombe yenyewe asiionje? Alisogea hatua moja. Halafu akaona mlango wake, na pua ya mkewe ikimsubiri. Kunuswa kule alikokuona ni adhabu ndiko kulikomgeuza. Alipanda mlima haraka haraka, akafika akihema hata kabla ya kuambiwa.

*

Alhamisi Akelo alifunga meza mapema, akalichukua gitaa hadi Buzuruga kwa fundi mmoja aitwaye Kashindye, aliyetengeneza redio, spika na magitaa kwenye kibanda karibu na stendi. Alitaka kujua kama linatibika. Moyoni alikuwa amepanga: likitibika kabla ya Jumamosi, labda kikao kitalainika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tazama huyu mgonjwa."

Kashindye alilipakata, akaligonga kwa kidole cha kati, akaligeuza pembe zote.

"Limeanguka?"

"Lilimponyoka mume wangu."

"Akiwa juu ya godoro?" Alicheka. "Sikutanii vibaya, mama. Gitaa likianguka huumia kiwiko kwanza, kama mtoto. Hili viwiko vyake vyote vizima." Akaliinamia tundu, akarudisha kichwa nyuma. "Samahani kuuliza. Mnalilaza na dagaa?"

"Mimi nauza dagaa. Nyumba yote inanuka, wanasema."

"Nyumba haiingii humu ndani." Aliwasha tochi ya simu akammulikia. Ndani ya gitaa, juu ya mbao, palikuwa na magamba madogo madogo yakimetameta.

Akelo aliyatazama bila kuelewa. Kashindye, ambaye alipenda kueleza hata asipoulizwa, aliokota kipande cha plaiwudi kilichovunjika kutoka kwenye boksi la spika.

"Unaona hii? Ni safu tatu zimegundishwa. Hii imelala hivi, ya kati imekatiza, hii imelala tena. Moja ikitaka kupasuka, jirani yake anaishika. Kwa hiyo haipasuki kirahisi. Lakini pia hakuna inayoachiwa iimbe peke yake. Sasa hili lako uso wake ni mbao moja nzima. Linaimba vizuri, ila halina wa kulishika. Likilowa linavimba, likikauka linasinyaa. Ukilikausha kwa haraka ndiyo hivi, linafuata mishipa yake linafunguka."

Akelo hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akiutazama ufa. Alikuwa ameuona mara nyingi mno, ila si kwenye gitaa. Kule ufukweni, mbao za kichanja chake cha kuanikia hupasuka hivyo hivyo kila kiangazi, moja kwa moja, kwa kufuata mishipa. Mbao zile hakuna aliyewahi kuziangusha.

"Fundi," aliuliza polepole, "na kama limewekwa juani? Juu ya jiwe?"

"Nani ataanika gitaa, mama?" Kashindye alicheka kwa nguvu, akimtazama. Kisha akauona uso wake, akaacha kucheka.

Akelo aliketi juu ya spika bila kukaribishwa. Aliuona tena mkono wa mumewe ukitoka tunduni. Aliuona ukienda mdomoni. Sasa alijua ulikuwa umebeba nini, na kwa nini hakikuweza kuonyeshwa kwa mtu. Alikumbuka magoti yale yakipinda mlangoni kila jioni, na Amondi akipuliza jiko lililowaka. Akalia pale pale stendi, wapiga debe wakiita abiria wao, na Kashindye akageuka kutafuta bisibisi ambayo hakuihitaji.

"Linatibika," alisema baadaye, bila kumtazama. "Nitaligundisha na kuliwekea vipande kwa ndani. Alama itabaki, lakini litaimba."

Jioni hiyo Otuoma alifika mlangoni, akapinda magoti. Akelo alitaka kumwinua. Lakini alimjua mumewe kama mumewe alivyomjua yeye: akigundua kwamba anajua, atamzuia asisimame Jumamosi. Kwa hiyo akamnusa. Ijumaa akamnusa tena. Safari hii aliyeona aibu ni yeye.

*

Kikao kilifunguliwa kwa sala ndefu. Maige alikuwa bado hajafikia jambo lenyewe Akelo aliposimama.

"Mwenyekiti, Otuoma hakuliangusha gitaa. Mimi ndiye niliyelianika."

"Uliliweka wapi, mama?"

"Nililianika. Juani, juu ya jabali, pamoja na dagaa. Alisema limekunywa maji, nikaona nilikaushe. Mchana nikaligeuza."

"Uka..." Maige alimeza mate. "Ukaligeuza?"

"Ili na upande wa pili ukauke."

Kicheko kililipuka pale. Kilianza kwenye safu ya besi, kikavuka hadi kwa soprano, watu wakashikana mabega, mwingine akatoka nje kabisa. Otuoma alikuwa amesimama, uso umemwiva.

"Mama Amondi, kaa chini."

"Sikai. Nimekunusa wiki nzima, sasa acha niseme." Akawageukia wenzake. "Mlimwona akitafuna mkasema ni majani. Alikuwa dagaa. Dagaa wangu aliingia kwenye tundu, mume wangu akamwona, akamtafuna ili msimwone nyie. Ili msinicheke kama mnavyonicheka."

Wengine walicheka zaidi. Lakini Rebeka aliacha. Alimtazama Otuoma, halafu akaitazama mikono yake mwenyewe, na wanawake waliokuwa karibu naye wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka wanaume waliobaki wakicheka wakajisikia wako peke yao.

"Ni kweli?" Rebeka alimwuliza Otuoma.

Otuoma aliitikia kwa kichwa.

Mzee Maige alipangusa machozi kwa leso. Alikuwa amecheka kuliko wote, na kwa hiyo ilimbidi sasa awe mkali kuliko wote. "Sawa. Pombe haikuwapo, tumekukosea, tunakuomba radhi. Lakini ulisema uongo ndani ya nyumba ya Mungu. Hilo nalo lina adhabu yake. Utakaa nje ya kwaya mwezi mmoja."

"Na tamasha, mwenyekiti?" kijana mmoja aliuliza.

Maige alifikiri. Kwaya nyingine hazikuwa na mpiga gitaa kama huyu. "Adhabu itaanza baada ya tamasha," alisema, na hakuna aliyeona ajabu, maana haki ya kamati nyingi huwa na kalenda yake. "Sasa tuamue la gitaa. Michango tutaikusanya upya. Otuoma, wewe ndiwe mwenye masikio. Tununue lipi?"

"Plaiwudi."

Watu wakaguna.

"Wewe?" Maige aliuliza. "Wewe mwenyewe uliyesema haina roho?"

"Sikusema roho." Yaliyofuata yalimtoka Otuoma kwa shida kuliko uongo wake wa wiki iliyopita. "Siku ile muuzaji aliniambia mimi pembeni. Alisema hili la mbao nzima lisipigwe na jua, lisikae penye unyevu, lisilale karibu na bati. Sikuwaambia. Niliogopa mtasema basi tuchukue lile lingine. Na nyumbani sikusema pia. Mke wangu alikuwa ameshalikataa, niliona nikimwambia kwamba linataka kubembelezwa atasema, 'Si nilikwambia?'" Alimtazama Akelo. "Yeye alianika. Lakini mwenye habari nilikuwa mimi, nikakaa nayo. Nilichagua kwa ajili ya masikio yangu. Gitaa la kanisa leo linalala kwangu, kesho kwa mwingine, keshokutwa kwenye chumba cha bati. Nunueni plaiwudi. Sauti yake itabaki pale pale ilipo, lakini itakuwapo."

Hakuna aliyecheka sasa. Akelo alikuwa amekaa, mwishowe, akimtazama mumewe kama mtu anayesomewa barua iliyochelewa. Kwa hiyo yote haya yametokana na kuogopa maneno mawili ya mke. Alitaka kukasirika. Akakumbuka kwamba kweli angeyasema.

"Na hili lenye ufa?" Maige aliuliza.

"Fundi analitibu," Akelo alisema. "Alama itabaki."

"Lipigwe kwenye tamasha," Rebeka alisema, "halafu likae na mtu anayejua kulitunza."

"Nani anayejua?"

"Sasa wako wawili, mwenyekiti. Tena nyumba moja."

*

Jumatatu asubuhi habari ilikuwa imefika Mwaloni kabla ya Akelo.

"Mama Gitaa!" walimwita tangu getini. "Leo unaanika kinanda?"

"Leteni, nitawageuzia."

"Mama Gitaa, ngoma yangu imepata ubaridi!"

"Lete. Na wewe mwenyewe uje, unaonekana hujakauka."

Alijibu hivyo siku nzima, kwa sababu Mwaloni ukinyamaza umekwisha. Lakini kila jibu lilimgharimu, na alipokuwa peke yake nyuma ya magunia alikaa kitako na kufunika uso kwa kanga. Jina lile lilikuwa limemkaa. Angezeeka nalo. Wajukuu zake wangeitwa wa Gitaa. Mumewe alikuwa ameuona mzigo huu wote ndani ya kiganja, kwa muda wa kufumba na kufumbua, akaumeza.

Jioni alikuwa amekaa mlangoni na ungo mapajani akichambua dagaa, Otuoma alipofika. Bila kuambiwa, kwa mazoea ya wiki ile, alisimama kizingitini akapinda magoti na kufungua mdomo.

Akelo alimtazama. Kisha akapeleka mkono kwenye ungo, akachagua dagaa mmoja, mdogo, mkavu, akamtia mdomoni kwa vidole vyake.

"Tafuna," alisema. "Taratibu. Nataka nikuone."

Otuoma akatafuna, magoti bado yamepinda. Amondi aliacha kupepea jiko akawatazama waziwazi.

"Wamekucheka?" Otuoma aliuliza alipomaliza.

"Wamenicheka mpaka wamechoka."

"Ndicho nilichokuwa nakiogopa."

"Najua." Vidole vyake vilizunguka ndani ya ungo. "Yule wa kwanza. Yule wa kanisani. Alikuwaje?"

Otuoma alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyekwisha kuahidi kutosema uongo tena.

"Alikuwa na mchanga kidogo."

"Mchanga!" Akelo alisimama, dagaa wakamwagika. "Jabali langu nalifagia kila siku! Dagaa wangu hawana mchanga, Otuoma, hawajawahi kuwa na mchanga!" Alikuwa amemshika shati kifuani, akimtikisa, na ndipo akasikia sauti yake mwenyewe ikicheka, na machozi nayo yakishuka pamoja na kicheko hicho. Otuoma akaingia ndani bila kunuswa.